Kasorobo

Tarmo alinitumia kwa posta kutoka Tallinn,
sandukuni, kimezungushiwa povu kama yai:
vikombe vitatu vya upepo, mshale wa mwelekeo,
kopo la mvua, kipimajoto ndani ya visahani vyeupe.
Na karatasi: "Mama, sasa utaijua hali ya hewa ya kwako."
Kana kwamba miaka sitini na minane Hiiumaa
nilikuwa naishi bila hewa.

Nilianza kwa uvivu. Nikakipigilia
ukuta wa kusini, karibu na dirisha la jikoni,
nisivuke matope.
Aprili, theluji bado imejificha mtaroni,
skrini ikaniambia: thelathini na moja.
Nikatoka na sweta mbili, nikatetemeka,
nikarudi, nikaitazama usoni.
Muongo wee!
Kumbe maskini ilisema kweli, kweli ya ukuta.
Mawe ya chokaa hula jua mchana kutwa
kisha huyacheua taratibu, kama ng'ombe.

Basi nikachimba. Katikati ya uwanja, mbali na paa,
mbali na mireteni inayoukaba upepo.
Sentimita arobaini tu, sururu ikalia: mwamba.
Kisiwa chetu kina ngozi nyembamba.
Nikamwaga saruji, nikasimamisha bomba la chuma,
nikapiga magoti na pimamaji
hadi kiputo kikatulia kama mtoto aliyeshiba.
Kaskazini niliitafuta kwa dira; dira ikayumba.
Nyundo ilikuwa mfukoni mwangu.
Siku nne, pepo zote za Hiiumaa
zilivuma kutoka kwenye nyundo.

Kisha vistari. Skrini nzima vistari,
kama mtu aliyekatika kauli.
Betri mpya: vistari.
Nikaihamisha kutoka nyuma ya jokofu
hadi juu ya kabati la mkate, ikapata kauli.
Kisha mvua: siku mbili kunanyesha, mtaro unafurika,
kopo linasema sifuri. Nikapanda ngazi.
Ndani, buibui alikifunga kile kijiko kinachopinduka
kwa uzi mmoja, uzi usioonekana
mpaka umemeta. Nikamwomba radhi, nikamhamisha.

Kufikia Juni kila kitu kilinyooka
isipokuwa nundu.
Kila siku, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi,
mstari wa joto unapanda digrii tatu,
unakaa dakika kumi, unashuka.
Nilibadilisha visahani. Nilipangusa. Nilisoma kijitabu
mpaka kurasa za Kijerumani.
Alfajiri moja nikatoka na kahawa yangu
nikasimama tu, kando ya mlingoti.
Tuk. Tuk-tuk. Tutututututu.
Heldur, ng'ambo ya ua, anawasha trekta
awapelekee kondoo maji. Moshi wa dizeli,
wa moto, ukaja moja kwa moja kwangu.

Nilikusudia kumwambia aisogeze.
Nilifika mpaka langoni. Akaniuliza,
"Leo digrii ngapi?" Nikasema, "Tisa."
"Mifupa yangu inasema nane," akaondoka.
Daftarini nikaandika: kasorobo, Heldur.

Oktoba, tarehe kumi na saba, mstari
ukapita kasorobo bila nundu,
umenyooka, safi, kama nilivyoutaka kiangazi kizima.
Nikautazama. Saa kumi na mbili. Na robo.
Nikavaa buti bila soksi.

Alikuwa ameketi juu ya trekta gizani, tochi mdomoni.
Akaitoa tochi. "Imekufa," akasema.
Ilibidi nishike gurudumu. "Nani?"
"Betri. Na wewe mbona umekuja na nguo ya kulalia?"

Wiki iliyofuata Tarmo akapiga simu;
siku hizi anazisoma namba zangu akiwa kwake.
"Mama, kipimo chako kina kasoro.
Kila asubuhi, wakati uleule, kasorobo..."
"Naijua," nikamwambia. "Usiiguse."